Passé composé bila kubahatisha: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kuna sentensi tatu ambazo wanafunzi wa Kifaransa wanaozungumza Kiswahili wanaziandika kila siku, awe Dar, awe Mombasa, awe kahamia Montreal juzi tu: *j'ai allé* (wakitaka kusema nilienda), *je suis été* (nilikuwa), na *je lui ai vu* (nilimwona). Zote tatu ni makosa. Mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu, wiki ijayo zinarudi zilezile.

Sio kwamba watu hawasomi. Wanasoma sana, ila wanapewa orodha ya kukariri bila kuonyeshwa maswali ya kujiuliza kabla ya kuandika, alafu Kiswahili chao wenyewe, ambacho kingewasaidia kweli, wanaambiwa wakiweke pembeni. Mimi naona ni kinyume. Kiswahili kinakupa nusu ya majibu ya passé composé (wakati uliopita wa Kifaransa wa kusimulia tukio, kama *j'ai mangé*, nilikula) bure, na ile nusu nyingine kinakudanganya, kwa hiyo cha muhimu ni kujua wapi kinasaidia na wapi kinadanganya. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la passé composé tu, usichanganye na mambo mengine.
- *Avoir* na *être* za wakati uliopo kichwani, sio kwenye karatasi.
- Kamusi inayoonyesha kitenzi kinatumia *avoir* au *être*, na inayosema kama kinachukua *à*. Nyingi za simu zinaonyesha, ila watu hawafungui chini kuangalia.
- Kibodi ya Kifaransa kwenye simu. Hii usiichukulie poa, maana *j'ai mange* bila alama juu ya e sio passé composé ya kitu chochote. Ukibonyeza e ukaishikilia, é inatokea.
- Mtu wa kukusikiliza, au rekoda ya simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha visaidizi vinatoka bila kufikiri

Passé composé ni maneno mawili: kisaidizi (*avoir* au *être* katika wakati uliopo) na participe, yaani umbo la kitenzi linalofuata kisaidizi, kama *mangé* kwenye *j'ai mangé*. Kisaidizi kikichelewa mdomoni sentensi nzima inakwama.

*J'ai, tu as, il a, elle a, on a, nous avons, vous avez, ils ont, elles ont.*

*Je suis, tu es, il est, elle est, on est, nous sommes, vous êtes, ils sont, elles sont.*

Hapa pa kuangalia ni *ils ont* na *ils sont*. Ya kwanza inasikika kwa z katikati (il-zon), ya pili kwa s (il-son). Ukisema *ils ont* kwa s umeshabadilisha kisaidizi bila kujua, na msikilizaji anabaki anasubiri kitu kingine. Irudie mpaka masikio yako yenyewe yakamate tofauti.

Umefaulu kama mtu akikutajia *nous*, *tu*, *elles* ovyoovyo unamjibu visaidizi vyote viwili papo hapo.

## Hatua ya 2: Tengeneza participe

Vya kawaida ni rahisi, tusikae sana hapa:

- Vya -er vinakuwa é: *parler, parlé, acheter, acheté, manger, mangé*.
- Vingi vya -ir vinakuwa i: *finir, fini, choisir, choisi, dormir, dormi, partir, parti*.
- Vingi vya -re vinakuwa u: *vendre, vendu, attendre, attendu, perdre, perdu*.

Visivyo na adabu usivikariri kwa alfabeti, vipange kwa mwisho wake, vinakaa kichwani vizuri zaidi:

- Vya -is: *mettre, mis, prendre, pris, comprendre, compris, apprendre, appris*.
- Vya -it: *dire, dit, écrire, écrit, faire, fait* (huyu wa mwisho ana a, lakini muache akae hapa na wenzake).
- Vya -u: *voir, vu, lire, lu, boire, bu, savoir, su, pouvoir, pu, croire, cru, vouloir, voulu, recevoir, reçu, venir, venu, courir, couru, connaître, connu, vivre, vécu, devoir, dû*.
- Vya -ert: *ouvrir, ouvert, offrir, offert*.
- Peke yao: *être, été, avoir, eu, naître, né, mourir, mort*.

*Eu* inatamkwa kwa sauti moja tu, ile u ya *tu* ya Kifaransa. Usiseme "e-u".

Onyo: kosa kubwa la maandishi ni *j'ai manger*. Sauti ya *manger* na *mangé* ni ileile, hata Wafaransa wenyewe wanakosea. Dawa yake: badilisha kitenzi uweke *vendre*. Ungesema *j'ai vendu* au *j'ai vendre*? Ni *vendu*, kwa hiyo hapo panataka é. Na *je veux manger*? Ungesema *je veux vendre*, basi acha -er. Kipimo hiki hakichoki, kitumie kila unapoandika.

## Hatua ya 3: Chagua avoir au être

Hapa ndo penye vita. Kanuni ya kwanza: karibu vitenzi vyote vinatumia avoir. Anza na *avoir* kila wakati, alafu jiulize kama kuna sababu ya kuhama. Watu wanafanya kinyume, wanaanza kwa wasiwasi wa *être*, mwisho wanaandika *je suis mangé*, ambayo Mfaransa akiisoma anaelewa kama umeliwa.

Sababu za kuhamia *être* ni mbili tu. Moja, kitenzi ni cha *se* (hatua ya 4). Mbili, kitenzi kiko kwenye kundi hili dogo:

- *aller* na *venir*
- *arriver* na *partir*
- *entrer* na *sortir*
- *monter* na *descendre*
- *naître* na *mourir*
- *tomber, rester, retourner, passer*
- na watoto wao: *revenir, devenir, rentrer, repartir, redescendre* na wenzao.

Jozi zinasaidia, ukikumbuka mmoja unamvuta mwenzake. Angalia tu *prévenir*, sura ni ya *venir* ila inachukua *avoir*: *j'ai prévenu ma mère*, nilimtaarifu mama.

Onyo la kwanza: achana kabisa na ile kanuni ya "vitenzi vya mwendo vinachukua être". Sio kweli, na ndo inayoharibu watu. Kukimbia, kutembea kwa miguu, kuogelea, kusafiri, kuvuka, kuendesha gari, vyote ni mwendo na vyote ni *avoir*: *j'ai couru, j'ai marché, j'ai nagé, j'ai voyagé, j'ai traversé, j'ai conduit*. Hata *quitter*, kuondoka mahali, ni *avoir*: *j'ai quitté Goma*. Na *rester*, kubaki, hakina mwendo wowote lakini ni *être*. Kundi ni dogo, likariri kama lilivyo usilitafutie falsafa.

Onyo la pili: *être* yenyewe inachukua *avoir*. *J'ai été malade*, niliugua. *Je suis été* haipo.

### Vitenzi sita vyenye sura mbili, na hapa Kiswahili kinakubeba

*Monter, descendre, sortir, rentrer, retourner* na *passer* vinaweza kuchukua *être* au *avoir*. Vitabu vinasema itategemea kama kuna yambwa (waliosoma Kenya wanaita shamirisho), yaani kitu kinachotendwa, kinachofuata kitenzi moja kwa moja bila kihusishi katikati. Sawa, lakini wewe una njia ya mkato kwa sababu Kiswahili kinabadilisha kitenzi chenyewe pale Kifaransa kinapobadilisha kisaidizi:

- Nilishuka: *je suis descendu*. Nilishusha mizigo: *j'ai descendu les bagages*.
- Nilipanda juu: *je suis monté*. Nilipandisha masanduku: *j'ai monté les valises*.
- Nilitoka: *je suis sorti*. Nilitoa takataka: *j'ai sorti la poubelle*.
- Nilirudi nyumbani: *je suis rentré*. Niliingiza gari ndani: *j'ai rentré la voiture*.

Umeona? Shuka na shusha, panda na pandisha, toka na toa. Ukisikia kichwani ile sauti ya "-sha" au "toa", ujue ni *avoir*. Mwingereza anayejifunza Kifaransa hana msaada huu, anasema *went up* na *took up* na bado anachanganyikiwa.

Ila njia hii ina mashimo mawili. La kwanza, "nilishuka ngazi": kwa Kiswahili bado ni kushuka, lakini kwa Kifaransa ngazi imekuwa yambwa, kwa hiyo *j'ai descendu l'escalier*. La pili ni *passer*. Nilipita kwako ni *je suis passé chez toi*, lakini nilikaa siku tatu Bujumbura ni *j'ai passé trois jours à Bujumbura*, maana siku tatu ndo yambwa. Na kwa kuwa tumefika kwenye *passer*: *j'ai passé un examen* maana yake nilifanya mtihani tu, haisemi kama nilifaulu. Kufaulu ni *réussir*. Kuna watu wameandika kwenye barua za maombi ya chuo kwamba *j'ai passé l'examen* wakidhani wanajisifia.

Umefaulu kama unaweza kueleza kwa mdomo kwa nini *elle est sortie* lakini *elle a sorti son téléphone*.

## Hatua ya 4: Vitenzi vyenye "se"

Vitenzi vyote vya *se* ni *être*, bila ubaguzi. *Je me suis levé, tu t'es lavé, il s'est habillé, nous nous sommes reposés, vous vous êtes trompés, ils se sont mariés.*

Kiswahili kina vitu viwili tofauti hapa: ji- ya kujitendea mwenyewe (kujiangalia) na -ana ya kutendeana (kuonana, kupendana). Kifaransa kinatumia *se* kwa zote. Kwa hiyo walionana ni *ils se sont vus*, na alijiangalia kwenye kioo ni *il s'est regardé dans la glace*.

Lakini usisubiri ji- au -ana ndo uweke *se*. Kuamka, kupumzika, kukosea, kuvaa, kuoga, kwa Kiswahili havina ji- yoyote, kwa Kifaransa ni *se lever, se reposer, se tromper, s'habiller, se doucher*. Kila ukijifunza kitenzi kipya kiandike na *se* yake kama anayo, usiandike "lever" peke yake kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Upatanisho, sehemu inayotisha watu bure

Sisi tuliozaliwa na Kiswahili hatuna haki ya kuogopa upatanisho. Mtoto wa darasa la kwanza anasema "vitabu vyangu vizuri vimepotea" anapatanisha kila neno na wala hatoki jasho. Kifaransa kinakutaka upatanishe mambo mawili tu, jinsia na idadi: hakuna kitu, ongeza e, ongeza s, ongeza es.

### Pamoja na être (kundi dogo): angalia mtendaji

*Il est parti. Elle est partie. Ils sont partis. Elles sont parties.*

Dada unayesoma hapa, ukiandika *je suis allé* bila e umejiandika mwanamume. Na ukimwandikia mama mmoja kwa heshima, *vous* ni ya heshima tu, mtu ni mmoja na ni mwanamke: *Madame, vous êtes arrivée à quelle heure ?* Usimwekee s.

### Pamoja na avoir: msahau mtendaji, tafuta yambwa

*Elle a mangé. Ils ont mangé.* Participe haijali kabisa nani amekula. Inajali kitu kilicholiwa, na pale tu kilipotajwa kabla ya kitenzi:

- *J'ai acheté les mangues.* Maembe yamekuja nyuma, hakuna kitu.
- *Les mangues que j'ai achetées.* Yametangulia, *mangue* ni ya kike, yako mengi: es.
- *Je les ai achetées.* *Les* ni hayohayo maembe, yametangulia.
- *Quelles mangues as-tu achetées ?* Yametangulia tena.

Sasa angalia Kiswahili: "maembe niliyoyanunua", "nimeyanunua". Ile -ya- ndani ya kitenzi inarejelea maembe. Ni tabia ileile, kitenzi kinamkumbuka yambwa ambaye tayari anajulikana. Kwa hiyo usiione kama ajabu ya Wafaransa.

Mara nyingi alama hii haisikiki, *acheté* na *achetées* ni sauti moja. Inasikika kwenye vile vya -is, -it na -ert: *la lettre que j'ai écrite*, *la décision qu'il a prise*, *la porte que tu as ouverte*. Hivi ndo vya kuvifanyia mazoezi ya mdomo kwanza, maana ukivikosea mtu anasikia.

Mbili za kukumbuka haraka: *en* haipatanishi kitu (*des mangues, j'en ai acheté*), na *fait* ikifuatwa na kitenzi kingine haibadiliki (*la robe que j'ai fait coudre*, gauni nililoshonesha).

### Mtego mkubwa kuliko yote: -m- na -wa-

Hapa Kiswahili kinadanganya, na ndo kilipozaliwa kile *je lui ai vu* cha mwanzo. Sisi tunasema nilimwona, nilimwambia, nilimsubiri, nilimpigia simu, nilimpa. Zote -m-. Hatutofautishi anayetendwa na anayetendewa. Kifaransa kinatofautisha kwa ukali:

- Vya moja kwa moja (*le, la, les*): *voir, attendre, écouter, chercher, regarder, aider, appeler*. Nilimsubiri: *je l'ai attendu*, kama ni mwanamke *je l'ai attendue*.
- Vya *à* (*lui, leur*): *parler, dire, téléphoner, répondre, donner, écrire, demander*. Nilimpigia simu: *je lui ai téléphoné*. Niliwaambia: *je leur ai dit*.

*Lui* na *leur* havipatanishi participe hata kidogo. *Je leur ai parlé*, hata wakiwa wanawake mia.

Hakuna njia ya kubahatisha, ndo maana nilikuambia uwe na kamusi inayoonyesha *à*. Kila kitenzi kipya kiandike hivi: *attendre quelqu'un*, *téléphoner à quelqu'un*. Ukiandika hivyo tangu siku ya kwanza mtego huu haukupati.

Na ukishaelewa hapa, lile swali la *se* ambalo linaulizwa kila siku linajijibu lenyewe. *Elle s'est lavée*: amejiosha, *se* ni yambwa, imetangulia, e. *Elle s'est lavé les mains*: kilichooshwa ni mikono, ipo nyuma, hakuna e. *Ils se sont vus*: *voir quelqu'un*, patanisha. *Ils se sont parlé*: *parler à*, usipatanishe.

Umefaulu kama mbele ya participe yoyote unajiuliza kwa mpangilio: kisaidizi gani? kama ni *avoir* au *se*, yambwa ni ipi? iko mbele au nyuma?

## Hatua ya 6: Kukanusha na kuweka maneno mahali pake

*Ne* na *pas* vinakumbatia kisaidizi, participe inabaki nje: *je n'ai pas mangé, elle n'est pas venue*. Kiwakilishi kinakaa kabla ya kisaidizi, ndani ya kumbatio: *je ne l'ai pas vu, je ne me suis pas levé*.

Kiswahili kina kanusho mbili, usizichanganye. Siku- ni *pas*: sikula, *je n'ai pas mangé*. Sija- ni *pas encore*: sijala, *je n'ai pas encore mangé*. Wengi wanasahau *encore*, wanaalikwa chakula wanajibu *je n'ai pas mangé* wakati walitaka kusema bado.

*Déjà, bien, mal, trop, beaucoup* na *rien* vinaingia katikati: *j'ai déjà mangé* (nimeshakula), *je n'ai rien vu*. Lakini *personne* na *nulle part* vinakwenda nyuma: *je n'ai vu personne, je ne suis allé nulle part*. *Hier* na *aujourd'hui* weka mwanzo au mwisho.

## Hatua ya 7: Hakikisha kweli unahitaji passé composé

Unaweza kutengeneza passé composé safi kabisa mahali ambapo haitakiwi. Kuna sehemu tatu za kusimama na kufikiri.

-me- sio kila mara passé composé. -li- na -me- zote mara nyingi zinaishia kwenye *j'ai mangé*, nilikula, nimekula, sawa. Lakini -me- yetu mara nyingine inaeleza hali ya sasa: amelala ni *il dort*, amekaa ni *il est assis*, amesimama ni *il est debout*, amevaa shati jekundu ni *il porte une chemise rouge*, nimechoka ni *je suis fatigué*. Jiulize: naeleza tukio au hali ninayoiona sasa hivi? Kama ni hali, tumia wakati uliopo. Vilevile "nimeishi hapa miaka mitano" na bado upo: *j'habite ici depuis cinq ans*. Ukisema *j'ai habité ici cinq ans* watadhani ulishahama. Na "nimetoka kula" ni *je viens de manger*, ambayo ukiitazama vizuri imejengwa kama yetu.

-ka- ni rafiki yako. Unaposimulia "nikatoka, nikapanda daladala, nikafika" kila -ka- ni tukio lililosukuma hadithi mbele, na kila moja ni passé composé: *je suis sorti, j'ai pris le bus, je suis arrivé*. Angalizo dogo: kupanda gari hapa ni *prendre*, au *monter dans le bus* na *être*.

"Nilikuwa na-" ni imparfait, wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea. Nilikuwa nasoma, *je lisais*. Mvua ilikuwa inanyesha, *il pleuvait*. Nilikuwa mwanafunzi, *j'étais étudiant*. Mandhari, mazoea, hali ya nyuma ya tukio, yote imparfait: chukua *nous* ya wakati uliopo, toa -ons, weka *-ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient* (*être* peke yake inaanza na *ét-*). Tukio likiingia katikati ndo passé composé: *je lisais quand tu as téléphoné*.

Ila muda ukifungwa, passé composé inarudi hata kama jambo lilidumu miaka: niliishi Bukavu miaka kumi ni *j'ai vécu dix ans à Bukavu*. Watu wanajua "jambo refu ni imparfait", wanakosea hapo. Urefu hauna maana, la muhimu ni kama unalitazama kutoka ndani likiendelea au umelifunga lote na kuliweka nyuma. Wanaojiandaa na DELF A2 (mtihani wa cheti cha Kifaransa, ngazi ya A2) walizingatie hili sana, maana hapo wanakutaka uandike tukio au mambo yaliyokupata, na ukitumia wakati mmoja tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho inaonekana mara moja.

## Hatua ya 8: Jipime

Tafsiri hii bila kuangalia chini, andika kwa mkono, kisha pitia kila kitenzi kwa maswali ya hatua ya 3, 5 na 7:

> Jana Amina aliamka mapema. Mvua ilikuwa inanyesha. Akaoga, akavaa, akatoka. Alipofika soko la Kadutu akanunua maembe, kisha akawapigia simu dada zake. Aliwasubiri lakini hawakuja. Maembe aliyonunua yalikuwa matamu. Akarudi nyumbani, akanawa mikono, akalala.

Jibu:

> *Hier, Amina s'est levée tôt. Il pleuvait. Elle s'est douchée, elle s'est habillée et elle est sortie. Quand elle est arrivée au marché de Kadutu, elle a acheté des mangues, puis elle a téléphoné à ses sœurs. Elle les a attendues, mais elles ne sont pas venues. Les mangues qu'elle a achetées étaient sucrées. Elle est rentrée chez elle, elle s'est lavé les mains et elle s'est endormie.*

Usihesabu alama, angalia umekosea wapi:

- Umeandika *il a plu* badala ya *il pleuvait*: sio dhambi ya kisarufi, ila mvua yako imenyesha ikaisha. Rudi hatua ya 7.
- *Elle leur a attendu*: mtego wa -wa-. Rudi hatua ya 5, sehemu ya mwisho, na uandike vile vitenzi upya na *quelqu'un* au *à quelqu'un*.
- Umesahau es kwenye *attendues* lakini ya *achetées* umeweka: unakumbuka *que*, unasahau *les*. Chukua sentensi zako za zamani, badilisha kila nomino iwe *le, la* au *les*, uone participe inavyobadilika.
- Umeweka *lavée les mains*: jiulize nini kilioshwa, kipo mbele au nyuma?
- *Elle a rentré*: aliingiza nini ndani? Kama hakuna kitu, hatua ya 3.

Kesho yake andika aya nyingine ya siku yako mwenyewe, mistari kama kumi, ukitumia angalau vitenzi viwili vya *se*, viwili vya kundi dogo na *les* moja iliyotangulia. Isome kwa sauti kwenye rekoda, kisha sikiliza *ils ont* na *ils sont* zako kabla ya kumpelekea mwalimu.